Mikanda ya Vugiri: Filamu za Kale na Wajibu wa Kuzitunza

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kwenye eneo ambalo sasa ni la Wilaya ya Korogwe, kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu ambacho vitabu vingi vya historia ya Tanganyika hukipita bila kukitaja. Kituo hicho kilikuwa makao ya Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, mradi uliofahamika kwa kifupi cha Kiingereza kama BEKE, na ambao wazo lake lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, mtafiti aliyekuwa amechunguza namna migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilivyobadili maisha ya jamii za Waafrika. Fedha zake kubwa zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Kazi ya uwandani ilisimamiwa na Meja L. A. Notcutt, ambaye miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuwaonyesha sinema vibarua wa mashamba makubwa, na upande wa elimu ulikuwa chini ya G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia hiyo hiyo.

Katika muda wa miaka miwili hivi kituo kilitoa filamu fupi zipatazo 35, zote katika mkanda wenye upana wa milimita 16, ambao ulikuwa mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35 uliotumika katika majumba ya sinema. Sauti haikuchapwa juu ya mkanda wenyewe, bali ilirekodiwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha, na uamuzi huo, pamoja na kupunguza gharama, uliwezesha filamu moja kupewa maelezo ya Kiswahili mahali pamoja na maelezo ya lugha nyingine mahali pengine. Lori lililobeba projekta, jenereta na santuri lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha uwanjani usiku mbele ya maelfu ya watu. Mada zilikuwa za kiserikali hasa: kodi, uuzaji wa kahawa, utunzaji wa ngozi, malaria ya watoto wachanga, na akiba ya posta, ambayo ilielezwa kwa kisa cha kuigiza cha mtu aliyefukia fedha zake ardhini zikaibwa, huku mwenzake aliyeziweka benki akisalimika.

Mwaka 1937 serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kuugharamia mradi, na kituo kikafungwa. Kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kuwapo leo ni tatu tu, nazo ziko Uingereza katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya nchi hiyo: moja inahusu mnyoo wa safura, ya pili inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro, na ya tatu inahusu mafunzo ya Waafrika katika utabibu wa mifugo. Nyingine zote zimebaki majina na muhtasari katika kitabu ambacho Notcutt na Latham walikichapisha mwaka ule ule wa 1937 kueleza kazi yao, jambo linalomaanisha kwamba karatasi, ambayo wahusika waliiona kuwa ripoti tu ya kazi, imeishi kuliko kazi yenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza kama kuna hasara yoyote katika kupotea kwa filamu za namna hiyo, maana zilitengenezwa na wakoloni kwa makusudi ya ukoloni, na waliozitengeneza waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka wala hadithi yenye mafundo mengi. Swali hilo ni la haki, ila linachanganya thamani ya filamu kwa aliyeitengeneza na thamani yake kwa aliyekuja baadaye. Kamera haichagui kama kalamu inavyochagua. Mpiga picha aliyetumwa kuonyesha uchimbaji wa choo alinasa pia, bila kukusudia, namna ya kuezeka nyumba, aina ya jembe, kitambaa alichojifunga mwanamke aliyepita nyuma, mwendo wa mzee, na namna watoto walivyosimama kumtazama mgeni mwenye mashine. Mambo hayo hayapatikani katika ripoti ya mkuu wa wilaya, kwa sababu mkuu wa wilaya hakuona haja ya kuyaandika. Ukoloni wenyewe, kwa upande mwingine, hauwezi kuchunguzwa vizuri pasipo vyombo ulivyovitumia kusema na watu, na sinema ilikuwa kimojawapo.

Tena, upotevu huu haukugawanyika sawasawa. Filamu tatu zilizobaki ni za upande wa mafundisho na maelezo: ugonjwa na tiba yake, shamba la mfano, wanafunzi na mifugo. Kisa cha akiba ya posta hakimo, wala hadithi nyinginezo ambazo wanavijiji walipewa nafasi ya kuigiza, kucheka, kudanganyana na kugombana mbele ya kamera. Kwa hiyo mwanahistoria anayetafuta sura ya Mtanganyika wa miaka ya 1930 katika picha za Vugiri atamkuta mgonjwa, mkulima na mwanafunzi, lakini mwigizaji atamkosa. Hata hivyo waigizaji walikuwapo, na huenda ndio waliokuwa mwanzo wa uigizaji wa filamu katika nchi hii.

Ili kuelewa jinsi filamu inavyopotea ni lazima kueleza kwanza imeumbwaje. Mkanda wa filamu una tabaka kuu mbili. Ya chini ni utepe wa plastiki unaopitisha mwanga, na juu yake kuna tabaka jembamba la jelatini, ambayo hutokana na mifupa na ngozi za wanyama, lililobeba chembe za madini ya fedha zinazofanya picha nyeusi na nyeupe, au rangi za kikemikali katika filamu za rangi. Kila tabaka lina adui wake. Jelatini ni chakula cha kuvu na wadudu, na hulainika ikipata unyevu. Rangi hufifia kwa viwango tofauti, ndiyo maana nakala nyingi za rangi za miaka ya 1950 hadi 1970 zimegeuka kuwa za wekundu mtupu baada ya buluu na manjano yake kuondoka. Na plastiki, ambayo macho ya mtazamaji hayaioni kabisa, ndiyo yenye maradhi mabaya kuliko yote.

Plastiki ya kwanza, iliyotumika tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa selulosi naitreti, kemikali iliyo ndugu wa baruti ya pamba. Ilitoa picha angavu sana, lakini ikishika moto huzalisha oksijeni yake yenyewe, hivyo huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini. Ikizeeka huanza kubadilika rangi kuwa ya kahawia, hutoka povu na utomvu unaonata, hugandana kuwa bonge moja, na mwisho huwa unga. Mwezi Julai 1937, mwaka ule ule kituo cha Vugiri kilipofungwa, ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry katika jimbo la New Jersey liliteketea wakati wa joto kali la kiangazi, baada ya naitreti iliyokwisha kuoza kujiwasha yenyewe, na sehemu kubwa ya filamu za kampuni hiyo za enzi ya sinema bubu ikaisha siku hiyo. Moto, hata hivyo, husingiziwa zaidi ya haki yake. Filamu nyingi za wakati ule ziliangamizwa na wenyewe, ama kwa sababu ujio wa sauti ulizifanya zionekane hazina soko, ama kwa sababu madini ya fedha yaliyomo yangeweza kukamuliwa na kuuzwa. Utafiti kuhusu kipindi cha mwaka 1912 hadi 1929, uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya filamu ndefu za bubu zipatazo 11,000 zilizotolewa nchini humo, asilimia 14 tu ndizo zilizosalia kamili katika umbo lake la awali. Nchini India hali haikuwa bora: Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya nchi hiyo yenye mazungumzo, na kwa hiyo mama wa zile zote zilizokuja kujaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, haina nakala hata moja inayojulikana.

Mikanda ya Vugiri haikuwa ya naitreti. Mkanda wa milimita 16, ulioletwa sokoni na kampuni ya Kodak mwaka 1923, ulikusudiwa kutumika majumbani na shuleni, mahali pasipo na chumba cha projekta kilichojengwa kuzuia moto, kwa hiyo tangu mwanzo ulitengenezwa kwa asetati, plastiki isiyolipuka ambayo ilipewa jina la filamu salama. Usalama huo ulikuwa wa mtazamaji, si wa picha. Mwaka 1948 aina iliyoboreshwa ya asetati ilianza kuchukua nafasi ya naitreti hata katika mikanda ya milimita 35, na watu wa sinema waliamini kwamba tatizo la uhifadhi limekwisha; lakini kabla hata ya miaka kumi na kitu kupita, Serikali ya India iliwaarifu watengenezaji kwamba mikanda yake iliyowekwa katika joto na unyevunyevu ilikuwa inaharibika. Si ajabu kwamba taarifa ya kwanza ilitoka huko. Ugonjwa uliogunduliwa India ni ugonjwa wa nchi za joto, na nchi zilizo upande huu wa Bahari ya Hindi zina hali ya hewa isiyotofautiana sana na ile.

Wahifadhi huuita ugonjwa huo ugonjwa wa siki, na jina hilo limetokana na harufu. Joto na unyevu huvunja asetati na kuachia asidi ya siki, asidi ile ile iliyomo katika siki ya mezani, na asidi hiyo ikishatoka huharakisha uvunjikaji wa asetati iliyobaki, kwa hiyo uharibifu unaoanza polepole hufika mahali ukaanza kukimbia. Anayefungua kopo la mkanda ulioathirika hupigwa na ukali puani kabla hajaona kitu. Kopo lenyewe mara nyingi lina kutu kwa ndani, kwa kuwa mvuke wa asidi unakula bati, na kutu hiyo nayo inachochea asidi. Mkanda umejikunja kwa upana, kingo zimefanya mawimbi, na juu yake kuna unga mweupe ambao wasiojua hudhani ni ukungu, kumbe ni kilainishi cha plastiki kilichotoka nje. Ukinyanyuliwa, hukatika badala ya kupinda. Mkanda pia hunywea kwa urefu, na ukinywea kiasi cha asilimia moja tu matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya projekta, kiasi kwamba kuulazimisha kupita ni kuurarua. Katika hatua ya mwisho jelatini, ambayo hainywei kwa kasi ile ile, hubanduka na kujikunja peke yake, na picha huondoka nayo.

Makadirio ya wataalamu yanaeleza kwamba mkanda mpya wa asetati, ukiwekwa katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 50, huchukua miaka ipatayo 40 kabla siki haijaanza kunuka, na kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi tano au sita muda huo huongezeka karibu mara mbili. Hesabu hiyo ikigeuzwa upande wa pili inatisha, kwa sababu wastani wa joto la Dar es Salaam ni nyuzi 26 hivi na unyevu wake uko juu sana ya asilimia 50. Mkanda uliopigwa miaka ya 1970 na kuachwa kabatini mjini humo umekwisha kupita umri ambao ungeweza kusubiri bila dalili.

Pamoja na hayo, kemia peke yake haielezi kwa nini zimebaki filamu tatu na si 30, maana mkanda mmoja ukioza, mwingine wa filamu hiyo hiyo huweza kuwa mzima mahali pengine. Sababu kubwa zaidi ni kwamba hakukuwa na mtu wala ofisi iliyopewa kazi ya kuzitunza. Filamu za Vugiri zilikuwa na nakala chache kwa sababu zilitengenezwa zitumike, kama mabango ya afya na vitabu vya shule vinavyotumika hadi vichakae, na mradi ulipokwisha nakala hizo zilibaki mikononi mwa idara ambazo hazikuwa na chumba, rejesta wala amri juu yake. Santuri zilikuwa na hatari ya peke yake, kwa kuwa mkanda uliotengana na santuri yake hupoteza lugha yake, na mtazamaji wa leo hubaki akiona midomo na mikono bila kujua aliyeelezwa alielezwa nini, na kwa maneno gani.

Wazo la kwamba filamu inastahili kuwa na mlinzi lilikuwapo zamani sana. Mwaka 1898, sinema ikiwa na umri wa miaka mitatu tu mbele ya hadhara, mpiga picha wa Kipoland aitwaye Bolesław Matuszewski alichapisha kijitabu mjini Paris akitaka ianzishwe ghala ya kutunza filamu kama chanzo cha historia. Hakusikilizwa. Kilichookoa filamu nyingi za mwanzo kilikuwa sheria ambayo haikuwa na nia hiyo hata kidogo. Nchini Marekani, hadi mwaka 1912, sheria ya hakimiliki haikuitambua filamu bali ilitambua picha za kawaida, kwa hiyo watengenezaji waliotaka kulinda kazi zao walichapa filamu nzima, fremu kwa fremu, juu ya mikunjo mirefu ya karatasi, na kuikabidhi Maktaba ya Bunge. Mikanda ya naitreti ya kazi hizo ilipokwisha kuteketea na kuoza, karatasi zile, zaidi ya 3,000, zilikuwa bado ziko pale zilipowekwa, na katikati ya karne ya 20 Kemp Niver na wenzake wakazipiga picha upya katika filamu. Hakuna aliyezihifadhi kwa kuzipenda. Zilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelazimishwa na sheria kuzileta na mwingine aliyelazimishwa kuzipokea, na utaratibu wa namna hiyo, wenye sura ya urasimu mkavu, umefanya kazi kubwa katika historia ya uhifadhi kuliko mapenzi ya wapenzi wa sinema. Shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lilipoundwa Paris mwaka 1938, wanachama wake wanne walitoka New York, Paris, London na Berlin. Tanganyika ilikuwa mahali pa kupiga picha, si mahali pa kuzitunza.

Mpangilio huo uliendelea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, na magari ya sinema yakawa kitu cha kawaida vijijini, yakiwa na mfasiri aliyesimama kando na kipaza sauti akieleza picha kwa namna alivyoona inafaa. Maelezo hayo, ambayo pengine yalikuwa ndiyo nusu bora ya onyesho, hayakurekodiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilikuja kutengeneza kwa ajili ya serikali ya Tanganyika filamu za hadithi zilizosemwa kwa Kiswahili, miongoni mwake Chalo Amerudi na Muhogo Mchungu, na mwigizaji mkuu wa hii ya pili alikuwa Rashidi Kawawa, kijana aliyekuwa mtumishi wa ustawi wa jamii na ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Nchi chache zina bahati ya kuwa na kiongozi wa kupigania uhuru katika filamu ya kuigiza. Picha za hotuba zake zipo nyingi. Zile za ujana wake akiigiza ni za aina nyingine kabisa, na kupotea kwake kusingeweza kufidiwa na hotuba yoyote.

Baada ya uhuru serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikafuata Taasisi ya Picha na Sauti iliyojengwa kwa msaada wa Denmark. Kutoka mikono ya vyombo hivyo na washirika wao zilitoka habari za filamu, filamu za mafunzo, na hadithi kama Fimbo ya Mnyonge iliyohusu siasa ya ujamaa vijijini, Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 iliyohusu tiba ya asili, na Mama Tumaini ya mwaka uliofuata. Hizo si nyingi, na uchache wake ndio unaozidisha uzito wa kila moja. Mashirika ya umma yalipofifia, mikanda yake ilirithiwa kama mali nyingine za ofisi, pamoja na meza na makabati, na ni nadra mrithi wa kabati kuuliza kilichomo ndani yake kinahitaji nyuzi ngapi za joto. Kwa filamu za rangi kulikuwa na tatizo jingine lililozikumba nchi nyingi za Afrika: mikanda ilisafishwa katika maabara za Ulaya, na negativu, yaani mkanda wa awali uliopita ndani ya kamera na ambao nakala zote huzaliwa kwake, mara nyingi ilibaki huko huko. Nchi ikabaki na nakala za kuonyeshea, zilizochanika na kuungwa mara nyingi, huku mzazi wake akiwa katika ghala la kampuni ambayo baadaye iliuzwa au kufungwa.

Kutokana na hayo yote, historia ya filamu ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni kwa sasa inasomwa kwa kiasi kikubwa Uingereza. Kati ya mwaka 2007 na 2010 vyuo na hifadhi za nchi hiyo zilitengeneza orodha ya zaidi ya filamu 6,000 zinazohusu makoloni yake, na sehemu ndogo yake ikawekwa kwenye intaneti. Kazi hiyo imewafaa watafiti, na zile tatu za Vugiri zimeorodheshwa humo, lakini orodha iliyotengenezwa mbali na mahali picha zilipopigwa hurithi upofu wa walioandika maelezo ya kwanza: afisa wa Kizungu ana jina na cheo, na Mwafrika aliyesimama kando yake ni mkulima, mgonjwa au mwanafunzi.

Wapo wanaosema kwamba suala zima limemalizwa na kompyuta, kwa kuwa mkanda ukishasomwa na skana na kugeuzwa faili unaweza kutupwa. Hoja hiyo ni hatari kwa namna ambayo filamu ya naitreti ilikuwa hatari, yaani kwa sababu inavutia. Faili huhitaji kuhamishwa kutoka diski moja kwenda nyingine kila baada ya miaka michache, programu ya kuifungua huachwa na watengenezaji wake, na mwaka mmoja wa kukosa bajeti unatosha kukata mnyororo. Mwezi Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Mlima wa Meza uliingia katika maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na mkusanyo mzima wa filamu za Afrika uliokuwa katika DVD zipatazo 3,500 ukateketea. Zilikuwa nakala za kidijitali, na udijitali wake haukuzisaidia. Mkanda wa poliesta, plastiki iliyochukua nafasi ya asetati na isiyotoa siki, ukiwekwa katika baridi na ukavu unatarajiwa kuishi karne kadhaa bila kuguswa, na kuusoma kunahitaji mwanga na lenzi tu. Kwa sababu hiyo hifadhi zenye uwezo hutumia njia zote mbili, faili kwa ajili ya watazamaji na mkanda kwa ajili ya kesho kutwa, na huweka nakala mahali zaidi ya pamoja.

Ghala lenye baridi ni ghali, na umeme wake ni wa kila saa. Lakini kazi ya kwanza haihitaji ghala. Inahitaji meza, mashine mbili za kuzungushia mkanda kwa mkono, glavu za pamba, taa, na mtu mwenye subira ya kuupitisha mkanda kati ya vidole akihesabu viungo na machaniko. Ukingoni mwa mkanda, nje ya picha, watengenezaji waliandika kama ni salama au ni naitreti, na Kodak iliongeza alama ndogo za mraba, duara na pembetatu zinazoonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa, katika mzunguko unaojirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo hata kopo lisilo na lebo linaweza kutajiwa umri wake ikiwa anayelishika anajua takriban kipindi chake. Vipande vya karatasi vyenye rangi ya buluu, vilivyobuniwa katika taasisi ya uhifadhi wa picha huko Rochester nchini Marekani, huwekwa ndani ya kopo na kugeuka kijani kisha manjano kadiri asidi inavyozidi, na kutokana na rangi hizo mhifadhi hupanga ni mkanda upi unakiliwe kwanza, upi utengwe usiiambukize mingine, na upi unaweza kungoja. Makopo ya bati yenye kutu hubadilishwa kwa ya plastiki yenye matundu ya kupitisha hewa, na mikanda huhamishwa kutoka pwani kwenda nyanda za juu ikiwezekana, kwa kuwa tofauti ya nyuzi tano kati ya Dar es Salaam na miji ya milimani, isiyogharimu umeme wowote, ni karibu sawa na kuongeza umri wa mkanda mara mbili.

Kazi nyingine haiwezi kuahirishwa hata kama mkanda wenyewe ni mzima. Waliokuwa watoto wadogo filamu za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipopigwa sasa wamevuka miaka 75, na ni wao, pamoja na waliofanya kazi katika Kampuni ya Filamu na Taasisi ya Picha na Sauti, wanaoweza kuangalia fremu na kusema ni mtaa gani, duka la nani, ngoma ya wapi, na mwigizaji aliyesimama mlangoni alikuwa mwana wa nani. Kwa watu wa Vugiri, Kingolwira na vijiji vya jirani muda huo umebaki mfupi zaidi, maana aliyemwona Meja Notcutt na kamera yake akiwa na umri wa kukumbuka amekaribia miaka 100, na katika familia nyingi anayeweza kutambua sura ya babu katika filamu ya wakulima ni mjukuu aliyepata kumwona akiwa mzee. Filamu hiyo ina nakala inayoweza kutazamwa. Kinachokosekana katika maelezo yake ni majina.